"Mmejitahidi": namna ya kusoma maoni ya watazamaji juu ya trela yenu ya kutisha

Kila mwaka nakaa nyuma ya chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi, natazama wanafunzi wa filamu wakionyesha trela zao za kutisha, yaani vile vipande vifupi vya kuitangaza filamu, kwa mara ya kwanza. Trela hubadilika, maneno ya watazamaji hayabadiliki. "Haitishi." "Giza mno." "Sauti mbovu." "Sijaelewa." Na lile linalouma kuliko yote ingawa limesemwa kwa adabu: "Mmejitahidi."

Nimeyapanga hapa kama fundi anavyopanga magonjwa ya redio: mteja analalamika nini, chanzo chake mara nyingi ni kipi, na upime nini kabla hujagusa bisibisi. Jambo moja lishikeni mapema, maana wengi huangukia hapo. Mtazamaji anajua panapouma, dawa haijui. Akisema sekunde ya 40 alichoka, mwamini, hata kama ulikesha siku tatu ukiihariri hiyo sekunde ya 40. Akisema "mngeongeza damu", andika, shukuru, halafu utafute mwenyewe kwa nini alihisi kuna kitu kimepungua. Mara nyingi si damu.

## Plagi kwanza: je, maoni yenyewe ni mazima?

Kabla ya kulaumu trela, pimeni namna mlivyoyapata hayo maoni.

Mliitambulisha vipi? Kikundi kikisimama mbele na kusema "samahanini, siku ile taa zilizingua", watazamaji wote watatafuta taa. Wekeni trela, bonyezeni, nyamazeni.

Nani alikaa chumbani? Wenzenu wa hosteli wanamjua huyo "jini" kwa jina na wanajua anadaiwa nauli. Tafuteni angalau watu watano wasiomjua mwigizaji yeyote: mama ntilie wa pale nje, mlinzi, wanafunzi wa chuo kingine.

Nani alisema wa kwanza? Mwalimu akishasema "sauti iko vizuri", hakuna atakayempinga mbele ya watu. Ndivyo tulivyolelewa. Kwa hiyo gaweni vikaratasi, kila mtu aandike kabla mdomo wowote haujafunguliwa. Maswali manne yanatosha: ulishtuka wapi, ulitamani kushika simu wapi, hadithi inahusu nini, na unadhani itaishaje. Kwenye nakala ya majaribio wekeni kihesabu sekunde pembeni mwa skrini ili watu wataje namba badala ya "pale katikati".

Mkiweza, tegesheni simu ya pili irekodi nyuso za watazamaji, kwa ruhusa yao. Wakiwa ni watoto, ruhusa ni ya wazazi. Uso haupambi maneno. Nimewahi kusoma kikaratasi kilichoandikwa "inatisha sana" na mwandishi wake, kwenye video, alikuwa anakwangua kucha.

## Dalili: "Mmejitahidi", "iko poa", "hongereni"

Kwa Kiswahili chetu, "mmejitahidi" ni hukumu. Mama mkwe akionja pilau akasema mmejitahidi, wapishi hutazamana.

Chanzo cha kawaida ni kwamba ninyi mmo chumbani. Tokeni. Mwachieni kikao mtu asiyehusika na trela, mkarudi kuchukua vikaratasi. Chanzo cha pili ni swali bovu: ukiuliza "mmeionaje?" utajibiwa "nzuri", kama vile ukiulizwa "habari za nyumbani?" unavyosema "salama" hata bomba limepasuka. Ulizeni swali lisilo na mlango wa kutorokea: "Tukilazimishwa kufuta sekunde kumi, tufute zipi?"

Ikiwa vyote hivyo ni sawa na bado mnapata hongera, huenda trela haijaacha alama. Subirini kesho yake, mwulizeni mtu anakumbuka nini. Akikumbuka shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) moja tu, tuseme mkono wa mtoto ukifunga dirisha kutoka nje, basi mmepata pa kuanzia: ipelekeni shoti hiyo mahali penye ukimya, msiifukie katikati ya nyingine ishirini.

## Dalili: watu wanacheka

Hii ndiyo inayowavunja moyo zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi.

Pimeni mpangilio kabla ya lolote. Kelele ikitangulia na kicheko kikafuata, trela yenu imefanya kazi: mtu alishtuka, akajionea aibu, akacheka ili apumue. Kicheko kikitangulia, au kikianza taratibu wakati kiumbe chenu kinakaribia, hapo kuna ugonjwa. Na kumbukeni watazamaji wetu wamelelewa wapi. Aliyekulia kwenye kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kuonyeshea video, na mtafsiri akiongea juu ya picha (Kampala wao humwita VJ), hakai kimya kama yuko msibani. Atamwambia mhusika "usifungue, mjinga wewe!" Hiyo ni sifa. Kelele za kuongea *na* skrini ni nzuri, za kuongea *na jirani* ni mbaya. Sikilizeni tofauti hiyo kwenye video ya nyuso.

Ikiwa ni kicheko kibaya, fuateni mpangilio huu.

Mwigizaji anajulikana. Nimeligusa juu, nalirudia kwa sababu nusu ya kesi huishia hapa. Onyesheni kwa wageni kabla ya kukata hata fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazopita kila sekunde.

Kiumbe kinaonekana sana. Mlitumia saa tatu kumpaka poda na unga wa muhogo, kwa hiyo mnataka aonekane. Naelewa. Lakini sekunde mbili za kumtazama zinampa mtazamaji nafasi ya kuona mshono wa barakoa. Jaribio rahisi: kateni shoti ile ibaki fremu kumi au kumi na mbili, karibu nusu sekunde kwa fremu 25 kwa sekunde, halafu onyesheni tena. Ikibidi abaki muda mrefu, mwekeni nyuma nje ya fokasi, au mpeni kitambaa cha dirisha mbele yake. Kikundi kimoja kilitatua tatizo hili kwa kumwondoa kabisa na kuacha kivuli chake kwenye chandarua. Hakuna aliyecheka tena, na mtengeneza barakoa hakuzungumza nao kwa wiki mbili.

Maneno. Hakuna mtu anayekimbizwa usiku akasema, "Ewe kiumbe wa ajabu, wanitakia nini?" Mwigizaji akiwa na hofu atasema "Mama!" au atakosa neno. Chukueni kila sentensi ya trela, mwulizeni mtu wa mtaani angeisemaje akiwa amebanwa. Kama ni mtu wa Tanga aseme Kitanga, kama ni wa Eastleigh aseme kama watu wa Eastleigh. Mara nyingi dawa ni kufuta sentensi nzima.

Mshtuo na sauti yake havikutani. Sauti ikichelewa fremu tatu au nne baada ya picha, jicho limeshaona, sikio linakuja na habari za jana. Kuzeni taimulaini (ule mstari wa muda kwenye programu ya kuhariri), sogezeni fremu moja moja.

Damu. Rangi nyekundu ya chakula peke yake huonekana kama juisi ya rosela. Sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, rangi, na kijiko cha kakao huipa uzito na wekundu wa kuelekea kahawia. Simamisheni kazi mkiona mtu anataka kutumia rangi ya nguo au ya ukutani usoni kwa mwenzake. Chochote kikiingia jichoni, oshweni kwa maji safi mengi na muende kituo cha afya. Shoti itasubiri.

## Dalili: "Haitishi"

Neno hili ni kama "naumwa tumbo", magonjwa kumi hujificha ndani yake. Lakini lipo jaribio ambalo hugawa kesi mara mbili ndani ya dakika tano. Tazameni trela bila sauti. Kisha fumbeni macho muisikilize bila picha. Ikitisha kwa macho yaliyofumbwa na kuchosha ikiwa imezimwa sauti, tatizo ni picha. Kinyume chake, tatizo ni sauti. Isipotisha popote, tatizo ni wazo, na hapo programu ya kuhariri haitawasaidia.

Upande wa sauti, mkosaji mkuu ni muziki usiopumzika. Wanafunzi hupakua kipande cha vinanda vinavyolia, wanakitandika kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho kama zulia. Sikio likishazoea, halishtuki. Kateni kila kitu sekunde moja na nusu au mbili kabla ya mshtuo, muziki, upepo, vyura, vyote. Msiache kimya cha faili tupu, kwa sababu spika huonekana kama zimekufa. Wekeni sauti ya chumba iliyorekodiwa palepale mlipopigia picha, sekunde 30 zinatosha kwa kila eneo. Halafu acheni kitu kimoja kidogo: tone la bomba, ufunguo unaozungushwa.

Mkosaji wa pili ni wingi. Hesabuni mishtuo. Mmoja mzuri, wa pili unaokuja pale mtu alipodhani umepita, na wa mwisho baada ya jina la filamu. Trela ya sekunde 90 yenye mishtuo tisa ni mtu anayekugonga begani mara tisa. Unageuka mara mbili, ya tatu unamsukuma.

Upande wa picha, ulizeni: tunamwogopea nani? Trela nyingi hufungua na kiumbe, hazifungui na mtu. Tupeni sekunde nane za binti anayefua, anayemjibu mdogo wake kwa hasira, anayeanika kanga. Sasa tuna mtu wa kupoteza.

Na ikiwa ni wazo? Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Mwaka baada ya mwaka naletewa jumba la mbao lenye dari, mwanasesere wa kizungu, na kasisi mwenye kitabu cha Kilatini, vyote vimepigwa picha Mbagala, Dar es Salaam. Mtazamaji hasemi "mmeiga". Anasema "haitishi", kwa sababu hajawahi kuogopa dari la mbao. Anachoogopa anakijua tangu utotoni. Usipige mluzi usiku. Ukisikia jina lako nje usiku wa manane, usiitike mpaka uitwe tena. Bundi juu ya bati. Mbuyu ambao bibi alikukataza kupita saa saba mchana.

Chukueni popobawa, kiumbe wa usiku anayesimuliwa Zanzibar. Mwaka 1995 hofu yake ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja. Ukisimulia umbo lake, popo mwenye bawa, unapata katuni. Lakini watu walitoka vyumbani mwao wakalala nje, familia nzima, wakiwa wameuzunguka moto, kwa sababu kitanda chao wenyewe kilikuwa si salama. Shoti ya mtaa mzima umelala nje na milango yote imeachwa wazi nyuma yao haihitaji barakoa. Tazameni hofu iliwafanya watu *wafanye* nini, mpige picha hicho.

## Dalili: "Giza tu, sikuona kitu"

Chanzo cha kwanza hakimo kwenye trela. Mlihariri usiku, chumba kimezimwa taa, mwanga wa kompyuta umepandishwa hadi mwisho. Mtazamaji ameitazama kwenye simu, saa nane mchana, kituo cha daladala. Ishikeni simu yenu nje kwenye jua, mwanga nusu, mtazame. Halafu ulizeni ilimfikiaje. Ikipita WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa, na sehemu za giza ndizo huumia kwanza: zinageuka vigae vigae. Tumeni kama dokumenti.

Ikibaki giza hata hapo, basi mlipiga picha gizani kweli. Kamera ya simu ikikosa mwanga hupandisha ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga), picha inajaa punje. Kwenye kuhariri mkiipandisha mwanga, mnapandisha punje. Usiku wa filamu hupigwa kwa mwanga mwingi kuliko mnavyodhani, halafu hutiwa giza baadaye. Njia ya bei nafuu ni kupiga wakati wa magharibi. Tatizo ni kwamba huku karibu na Ikweta jua likizama halikawii. Mna kama dakika ishirini za ule mwanga wa bluu, kisha basi. Fanyeni mazoezi mchana, kamera iwe imeshasimama mahali pake kabla ya adhana ya magharibi. Ndani ya nyumba, upeni mwanga sababu: kibatari, tochi ya simu, taa ya bodaboda ikipita dirishani. Uso unaoangazwa na kibatari kutoka chini nusu, nusu nyingine giza, unatosha.

Wakisema picha "inapiga mistari" au "inapepesa", ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi zikiachwa zijiamulie huchagua shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) isiyopatana nao chini ya taa za tyubu na za LED za bei rahisi. Wekeni shata sekunde 1/50 au 1/100 kwa mkono. Shoti iliyokwisha kupigwa ikiwa na mistari mizito, kuisafisha ni kazi ndefu yenye matokeo duni. Irudieni.

Simameni hapa: taa mnazokodi, jenereta, na nyaya za kuunga si vitu vya kujaribu kwenye manyunyu. Waya ukipata joto, plagi ikinuka, au mtu akipigwa na umeme hata kidogo, zimeni kwenye chanzo na mwiteni fundi umeme. Na kujiunganishia kwenye nguzo, jamani, hapana.

## Dalili: "Sauti mbovu", "sikusikia walichosema"

Mtazamaji husamehe picha yenye punje. Sauti haisamehi.

Pima rahisi: sikilizeni kwa hedifoni, kisha kwa spika ya simu, kisha kwa spika za ukumbi. Kila kifaa kitawaambia ugonjwa tofauti.

Ikiwa nzuri kwenye hedifoni na imekufa kwenye simu, mmetegemea muungurumo. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa besi nzito, kwa hiyo ule mngurumo mliouweka chini ya shoti ya korido haupo kabisa kwa watu wengi watakaoitazama. Msiuondoe, ongezeeni juu yake kitu chenye sauti ya kati au kali: bati likikwaruzwa, bawaba ya mlango, sufuria ikiburuzwa kwenye saruji. Bawaba ya mlango wa bibi yangu imo kwenye trela nne nilizosimamia na haijadai malipo.

Maneno yakizama ndani ya muziki, shusheni muziki desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi pale tu panapozungumzwa. Bado hayasikiki? Basi maiki ilikuwa mbali. Maiki ya kamera iliyo hatua tano kutoka kwa mwigizaji inarekodi chumba, haimrekodi yeye. Rekodini upya maneno: ndani ya gari lililofungwa vioo, au kati ya magodoro mawili na kanga nene juu, simu ikiwa shubiri moja na nusu kutoka mdomoni. Kwa trela yenye sentensi sita, ni kazi ya saa moja.

Midomo ikitangulia sauti kidogo kidogo hadi mwisho ikaachana kabisa, msimlaumu mhariri. Simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopandashuka, na programu za kuhariri hutarajia idadi moja isiyobadilika. Badilisheni faili zote ziwe na fremu thabiti, programu ya HandBrake hufanya hivyo bure, kabla ya kuanza kukata.

Upepo: vika maiki kitambaa cha manyoya au soksi ya sufu. Feni, friji, jenereta ya jirani: zimeni au subirini. Vyura waacheni, wanaigiza vizuri.

Wengine huona dawa ya kila kitu ni kupandisha sauti mpaka mstari mwekundu wa kipimo cha sauti. YouTube huishusha trela yenye kelele ili ilingane na nyingine, kwa hiyo mnachopata ni trela iliyobanwa, isiyo na pa kupanda wakati wa mshtuo. Acheni nafasi. Na mayowe yaliyokwisha kupasuka kwenye maiki hayarudishwi na programu yoyote ninayoijua. Hapo ni kurudia tu, mwigizaji apige yowe lake akiwa hatua mbili nyuma.

Trela ikiwekwa mtandaoni na kunyamazishwa, mmetumia wimbo wa watu. Ombeni ruhusa ya mwenye wimbo, ulizeni ofisi ya hakimiliki (Tanzania ni COSOTA) kama hamjui pa kuanzia, au mrekodi ngoma zenu wenyewe.

## Dalili: "Sijaelewa", na pacha wake "nimeshaimaliza"

Hizi mbili hukaa nyumba moja. Someni majibu ya maswali mawili ya mwisho ya kikaratasi.

Mtu akishindwa kusema inahusu nani, sababu huwa ni kwamba mnaijua hadithi kupita kiasi. Mnaona pete kwenye kidole mnakumbuka ukurasa wa 12 wa mswada, mtazamaji anaona kidole. Chagueni mtu mmoja, mahali pamoja, na sharti moja ("usiitike mara ya kwanza"). Yasiyohusiana na hivyo vitatu yatoke.

Akiweza kusema mwisho wake, mmemwuzia ng'ombe mzima kwa bei ya maziwa. Tafuteni shoti iliyotoboa siri. Kwa kawaida ni moja, ipo theluthi ya mwisho, na ndiyo mnayoipenda kuliko zote. Kuhusu urefu, mwaka 2014 chama cha wenye kumbi za sinema Marekani kiliwataka watengenezaji wasizidishe dakika mbili kwa trela, na hao wana nyota na magari yanayolipuka. Ninyi lengeni sekunde 60 hadi 90.

## Dalili: maoni yanagongana

Mmoja anasema ni ya haraka mno, mwingine anasema inaburuza. Msitafute wastani, wastani haumfurahishi yeyote. Kwanza, gaweni vikaratasi mafungu mawili: wanaopenda filamu za kutisha na wasiozipenda. Fungu la pili lisikilizeni kwa sauti na uelewekaji tu. Juu ya hofu yenyewe, shangazi anayefumba macho kwenye tamthilia hawezi kuwa kipimo.

Kisha angalieni namba za sekunde, achaneni na maneno. Watu watatu wakitaja sekunde ya 52 kwa malalamiko matatu tofauti, sekunde ya 52 inaumwa. Malalamiko yakitawanyika kila mahali, hiyo ni ladha ya watu, lalani.

Rekebisheni kitu kimoja au viwili kwa toleo, mwonyeshe watu *wapya*. Aliyekwisha kushtuka mara moja hawezi tena kuwaambia kama inashtua.

## Dalili: watu wamekasirika, wameumia, au mmoja ametoka nje

Hapa kukata na kusogeza kunasimama. Ulizeni nini kimetokea kabla ya kujitetea.

Akilalamika kichwa au macho baada ya shoti za kumwekamweka, zitoeni leo. Mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi unaweza kuamsha kifafa kwa wenye hali hiyo. Desemba 1997 nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya katuni moja ya televisheni kumwesha rangi nyekundu na bluu. Kipimo kinachotumika sana ni kutozidi mimweko mitatu ndani ya sekunde moja. Mtu akianguka na kukakamaa, washeni taa, mwondoleeni vitu vigumu kando, msimtie kitu mdomoni, mlazeni ubavu mtikisiko ukiisha. Ukizidi dakika tano, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpelekeni hospitali.

Wakikasirikia mhusika, jiulizeni mmemfanya nani kuwa jinamizi. Ajuza mwenye macho mekundu ni rahisi kumwandika. Kanda ya Ziwa wako vikongwe waliouawa wakidhaniwa wachawi kwa sababu hiyo hiyo, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni. Mtu mwenye ualbino kuwekwa kama kitu cha uganga, vivyo hivyo: watu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani ile mnayoifanya pambo. Mstari huu hauhaririwi kwa kupunguza fremu. Kaeni na wahusika wenyewe, chama cha watu wenye ualbino cha eneo lenu au wazee wa mtaa, na muwe tayari kuandika upya. Makaburi, misikiti, makanisa na matambiko, ruhusa hutangulia kamera.

Akitokea mjumbe wa mtaa au polisi, huenda ni lile panga la plastiki mlilokimbia nalo barabarani saa nne usiku. Jirani hajui ni plastiki. Tanzania, kibali cha kupiga filamu hutoka Bodi ya Filamu chini ya sheria ya 1976, Kenya kuna bodi yake ya uainishaji inayotoa leseni na kupanga madaraja ya umri: GE, PG, 16 na 18. Mwalimu wenu ajue tarehe na mahali, mjumbe apewe taarifa, na barua ya chuo ikae mfukoni mwa mtu asiyepakwa damu.